Skafu Nyekundu Niliyomfunga Mdogo Wangu

Mshauri mpendwa,

Vuta kiti ukae, maana jambo langu ni refu na zimebaki siku kumi na moja tu kabla ya kesi. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, ingawa nikishamaliza utakuwa na haki ya kunihukumu na wala sitakulaumu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, sijaolewa, kazi yangu ni kusafisha picha za matangazo kwenye kompyuta, yaani ukiona bango barabarani lina mtu asiye na chunusi hata moja, jua kuna mtu kama mimi aliyekaa kitini siku nzima akiziondoa moja baada ya nyingine. Ofisini wananiita Mama Rangi. Bila shaka uliliona lile tangazo la soda la sikukuu za mwisho wa mwaka uliopita, kwa sababu lilikuwa kila mahali, kwenye bango kubwa la mzunguko wa barabara, kwenye majokofu ya madukani, kwenye kalenda: meza ndefu, kitambaa cha meza chekundu, baba anamimina soda, mtoto wa kike anacheka mpaka pengo linaonekana, na mama katikati yao, gauni jeupe, skafu nyekundu shingoni, na juu yao maandishi "Fungua Sikukuu". Yule mama ni mdogo wangu wa tumbo moja. Yule baba ni shemeji yangu, na mtoto ni binti yao, ana miaka sita. Mimi ndiye niliyewapeleka.

Ilikuwa hivi. Picha za sikukuu hupigwa mapema sana, mwezi wa saba, wakati hakuna anayefikiria sikukuu, na kampuni ya soda ilikuwa imechoka na waigizaji, ikataka familia ya kweli, watu ambao mtu akiwaona aseme hawa ni sisi. Bosi wangu akauliza nani ana ndugu wenye sura nzuri, nami bila kufikiri nikamtaja mdogo wangu, kwa sababu shemeji ana meno yaliyopangika na akicheka hata adui yake hucheka naye. Mshauri, nilijua anampiga. Nisikudanganye. Nilijua tangu mwaka wa pili wa ndoa yao, lakini nilijua kama watu wanavyojua mambo ya jirani, unaona, unakohoa, unapita.

Siku ya picha mdogo wangu aliingia studio amevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. Alipoivua, shavu la kushoto lilikuwa limevimba, rangi ya zambarau pembeni na kijani kibichi katikati, na shingoni alama nne za vidole upande mmoja na moja upande wa pili. Shemeji alikuwa nje anapiga soga na mpiga picha, nasikia kicheko chake. Nikamuuliza mdogo wangu kumetokea nini.

"Niligonga mlango wa kabati," akasema.

"Na shingo nayo iligonga kabati?"

Akanitazama kwenye kioo, akasema, "Dada, kwenye kompyuta unaweza kuziondoa hizi alama?"

"Naweza."

"Basi ondoa. Mtoto amefurahi sana kuja hapa, usituharibie siku."

Na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa fahari, kwamba ndiyo, kazi hii naiweza, hakuna anayeiweza kama mimi. Mpaka leo fahari ile inanikereketa kuliko yote.

Picha chache za kwanza zilipigwa kujaribu taa, akiwa hivyohivyo, shingo wazi. Kisha bwana wa soda akafika, mtu aliyetumwa na kampuni kusimamia, na kadi yake ndogo ya rangi mkononi. Huyo bwana haongei ila juu ya wekundu. Kila kitu hukilinganisha na ile kadi, kitambaa cha meza, riboni za zawadi, viatu vya mtoto, na akiona wekundu umepauka kidogo anakunja sura kama ametukanwa. Alitueleza mwenyewe, tena kwa upole kama mwalimu, kwamba wanachotaka ni mtu akipita dukani wakati wa sikukuu akaona riboni nyekundu tu, hata pasipo chupa wala jina, aisikie soda yao kooni, na akiinywa soda yao mwezi wa tatu aikumbuke nyumba yenye watu. Nyumba yenye watu, ndivyo alivyosema. Barafu yetu ilikuwa ya plastiki. Matone ya ubaridi kwenye chupa yalikuwa gliserini, nilipuliza mwenyewe. Soda ilitiwa chumvi kidogo ili ifure povu.

Alama za shingoni zilinipa wasiwasi, kwa sababu shingo hujikunja mtu akicheka na kuisafisha ni kazi, basi nikachukua kipande cha riboni pana ya zawadi nikamfunga mdogo wangu kama skafu. Bwana wa soda akapiga makofi. "Hiyo skafu ni akili kubwa!" akasema. "Wekundu umefika mpaka usoni!" Mshauri, ile skafu niliyofunikia alama za vidole vya shemeji ndiyo waliyoitoa bure madukani, nunua kreti moja upate skafu, na msimu wote wa sikukuu wanawake mji mzima walitembea nayo shingoni.

Kazi ya kompyuta ilinichukua siku mbili. Nilikata ngozi ya shavu la kulia nikaibandika la kushoto. Lakini kilichonisumbua zaidi alikuwa mtoto. Katika picha zote thelathini na tisa hakuitazama chupa hata mara moja. Alikuwa akimtazama baba yake mkono. Ikabidi nichukue macho yake kwenye picha aliyopigwa peke yake wakati baba ameenda kubadili shati, na kicheko nikakitoa humohumo, nikamvisha. Bosi alipoona alisema ni picha nzuri kuliko zote tulizowahi kutoa.

Baada ya hapo shemeji akawa mtu maarufu. Anauza vipuri vya magari, na wateja wakawa wanakuja kumwona tu, wanamwita Baba Sikukuu. Mdogo wangu alikimbilia kwa mama mara mbili. Mara ya pili ndugu wakakaa kikao nyumbani kwa mjomba, mimi nikiwepo, na mjomba, kaka yake mama, ambaye ndiye husema neno la mwisho kwetu, alimsikiliza akieleza yote, kisha akainua mkono akaonyesha ukutani. Kalenda ya soda ilikuwa imening'inia pale.

"Mwanamke anayepigwa hacheki hivyo," mjomba akasema. "Mnagombana kama wengine. Rudi kwako."

Mdogo wangu akageuka kunitazama. Alinitazama muda mrefu. Mimi nikaokota kikombe changu nikanywa chai iliyokuwa imeisha. Akarudi. Alijaribu hata kituo cha polisi, na askari wa mapokezi akamwambia, "Wewe si yule mama wa soda?" akaita wenzake, wakacheka, wakaomba kupiga naye picha, naye akapiga nao, kisha akaondoka bila kuandikisha chochote.

Miezi miwili iliyopita, Jumamosi saa sita mchana, shemeji alimpiga kwa kigoda cha jikoni kwa sababu ya mtoto kumwaga maji. Jirani yao, mama mmoja mshonaji, ndiye aliyesikia mtoto akipiga kelele akaja kuvunja mlango na vijana wa gereji. Taya la mdogo wangu limevunjika mahali pawili, limefungwa nyaya, hasemi. Jicho la kushoto halipo tena.

Shemeji anasema aliteleza bafuni. Mtoto hawezi kueleza, kila akiulizwa anajificha chini ya meza. Mwendesha mashtaka, mwanamke mpole tu, alitwambia kesi ni ngumu kwa sababu hakuna kumbukumbu yoyote ya nyuma, hakuna daktari, hakuna polisi, na wakili wa shemeji ameshatangaza kwamba ataleta lile tangazo mahakamani aonyeshe nyumba ile ilivyokuwa na furaha. Kisha akatuuliza kama kuna yeyote mwenye chochote.

Mimi ninazo. Picha zote thelathini na tisa kabla ya kusafishwa ziko kwenye diski ndogo, kabatini kwangu nyuma ya mashuka, na kila moja kamera imeiandika tarehe na saa. Nilinyamaza. Nilisaini karatasi kwamba picha zote ni mali ya kampuni ya soda na kwamba sitatoa kilicho ndani. Nilipomgusia bosi, alifunga mlango akaniambia kampuni imependa kulirudisha tangazo mwaka huu, kubwa zaidi na jekundu zaidi, na nikifungua mdomo ofisi itafungwa, watu kumi na wawili wenye familia watakuwa hawana mbele wala nyuma kwa ajili yangu. Mama naye analia, anasema picha zile zikionyeshwa mtoto atakua akijua kila mtu aliwaona hivyo. Na mimi, niseme ukweli wote, ninaogopa zaidi mdogo wangu ajue kwamba siku ile kwa mjomba nilikuwa nazo.

Sili, silali. Nikiona kitu chochote chekundu natapika. Nifanye nini?

Mama Rangi


MSHAURI ANAJIBU

Mama Rangi,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba. Nami nilikuwa na kalenda hiyo ofisini, nimeitazama tangu mwaka uanze nikila mkate wangu wa saa nne, na zaidi ya siku moja nilijisemea kwamba angalau kuna nyumba watu wanakaa kwa amani. Kwa hiyo tangazo lako lilifanya kazi hata kwangu. Nimeishusha, lakini hilo halimsaidii mdogo wako.

Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliyeshika kigoda ni shemeji yako na mzigo wa kigoda ni wake peke yake, usiuchukue ukajifanya wewe ndiye mkosaji mkuu, kwa sababu hiyo nayo ni njia ya kujipumzisha. Wako ni huu: ulikuwa na kauli ambayo ingemnasua mtu, na ukaikalia. Ulikaa kwa mjomba wako na kikombe kitupu mdomoni. Umeniandikia maneno mengi kuhusu gliserini na barafu ya plastiki, na nimejifunza, lakini nakuona unavyojificha ndani ya ufundi. Hakuna aliyekulazimisha kumfunga ile skafu. Bwana wa soda hakujua kilichokuwa chini yake. Wewe ulijua.

Pole, mwanangu. Nakupa pole ya kweli, kwa sababu najua kukulia katika nyumba ambayo mambo ya ndani hayasemwi, na najua mdogo wako mwenyewe alikuambia uondoe. Alikuomba alama ziondoke usoni pake kwa siku moja, mbele ya mwanawe. Hakukuomba uziondoe kwenye kumbukumbu za dunia.

Sasa mambo ya kufanya, maana siku zinakwenda.

Kesho asubuhi ofisi zikifunguliwa uwe mlangoni kwa yule mwendesha mashtaka. Peleka diski yenyewe kama ilivyo. Usiguse picha hata moja, usikate, usipunguze, usiongeze mwanga, mikono yako safari hii ikae mfukoni. Kabla hujatoka nyumbani nakili zote kwenye diski nyingine, mpe mtu ambaye bosi wako hamjui. Usizitupe mitandaoni, hata hasira ikikupanda, kwa sababu wakili wa shemeji yako anasubiri hilo na kwa sababu ule ni uso wa mdogo wako, haukuwa wako hata mara ya kwanza. Mwambie mwendesha mashtaka habari ya karatasi uliyosaini, umwonyeshe. Mahakama ikikuita useme ukweli, hiyo karatasi ya soda ikae pembeni, na kuna mawakili wanaosaidia watu bila malipo, muulize akuelekeze kwa mmoja wao siku hiyohiyo.

Kuhusu wenzako kumi na wawili: bosi wako amewaweka mbele yake kama ngao. Ofisi inayosimama juu ya taya la mwanamke ilikuwa imeshaanguka, nyinyi mlikuwa hamjasikia kishindo tu. Kuhusu mama: mwambie mjukuu wake hahitaji kuambiwa chochote na picha. Alikuwepo. Macho yake wewe mwenyewe uliyahamisha.

Na la mwisho ndilo gumu, usilikwepe. Kabla ya kwenda kwa mwendesha mashtaka, au siku hiyohiyo ukitoka kwake, nenda kwa mdogo wako umwambie kwa mdomo wako, ukiwa umekaa, mchana, mama akiwa nje. Mwambie zipo, mwambie zilikuwepo siku ya kikao. Asizione kwanza mahakamani mbele ya watu. Usimwombe msamaha siku hiyo. Msamaha ukiuomba siku hiyo utakuwa unamwongezea kazi mgonjwa. Mwambie, umsikilize kama ataandika kitu, uondoke ukafanye kilichobaki.

Nenda.

Mshauri


Majibu haya nilimtumia Mama Rangi kwa simu siku ileile barua yake ilipofika, kwa kuwa gazeti lingechelewa. Miezi mitatu baadaye ameniandikia tena, na amekubali ichapwe pamoja.


Mshauri,

Nilienda. Nilianza na mdogo wangu. Alikuwa ameketi kitandani kwa mama, nikamwambia yote kama ulivyosema. Hakulia. Alivuta daftari analoandikia kwa sababu ya nyaya, akaandika, "Hata siku ya mjomba?" Nikasema ndiyo. Akaichana ile karatasi daftarini taratibu, akaikunja mara nne, akanipa mkononi. Kisha akaandika nyingine: "Peleka."

Mahakamani zilionyeshwa kwenye ukuta mweupe, kwanza tangazo, wakili wa shemeji alilileta yeye mwenyewe kwa mbwembwe, kisha zangu. Hakimu aliniagiza nieleze hatua moja baada ya nyingine, shavu nililitoa wapi, macho ya mtoto niliyatoa wapi, na skafu ilifunika nini. Mjomba alikuwa amekaa safu ya tatu, akatoka nje kabla sijamaliza, na mpaka leo hajapiga simu. Wakili wa shemeji akasimama akaniuliza, "Kwa hiyo wewe kazi yako ni kudanganya watu?"

Nikamjibu, "Ndiyo. Ndiyo maana najua ipi ni ya kweli."

Shemeji amefungwa miaka tisa. Alipokuwa anatolewa alicheka na askari kwa meno yale yale, na mmoja wao akacheka naye. Nimefukuzwa kazi wiki hiyohiyo. Ofisi haikufungwa, kampuni ya soda iliwapa kazi nyingine, na mwaka huu tangazo la sikukuu ni la chupa peke yake na riboni, hakuna watu. Watu wanalisifu. Bado ukiliona unasikia kiu, nimejipima mwenyewe nikiwa nimesimama chini yake.

Mdogo wangu hakai kwa mama wala kwangu. Amehamia kwa yule mama mshonaji aliyevunja mlango, wanashona pamoja, nyaya zimeshatolewa na anasema kidogokidogo. Mimi naenda kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Hawajanifukuza. Mshonaji ananikaribisha, ananipa kiti, ananiuliza habari za kutafuta kazi. Mdogo wangu ananiitikia salamu vizuri tu, halafu anakumbuka kitu alichokiacha chumba cha pili, anainuka kukifuata, na mtoto anamfuata nyuma ameshika gauni lake, nami nakaa na mshonaji mpaka saa kumi, kisha naaga.

Mama Rangi